Maji ya Walio Hai

Safari hii beseni liliruka mpaka kwenye cherehani. Maji ya sabuni yakalilowesha gauni la bibi harusi lililokuwa limeshikizwa kwa pini, na povu likatulia kwenye mkono wa gauni kama lililoalikwa. Aliyelirusha, mama mkwe, alikuwa amejivutia shuka mpaka kidevuni, anahema kama mtu aliyetoka kufukuza mwizi.

"Nimesema usinioshe," alisema. "Masikio unayo, au umeyashona?"

Mkwe hakujibu. Aliinama akaokota beseni, lile la bati lenye maua mekundu ambayo kutu imeanza kuyala pembeni, akachukua tambara na kuanza kufuta sakafu. Alikuwa mshonaji, mtaa mzima ukimwita Fundi, na kazi ya sindano ilimfundisha kunyamaza. Mtu mwenye pini mdomoni hajibizani.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kitanda cha mama mkwe, kwa sababu mwenyewe alikataa kulazwa chumba cha nyuma. Alisema mgonjwa akiwekwa nyuma husahauliwa kama sufuria iliyotoboka. Kwa hiyo wateja walikuja kupimwa vifua na viuno huku bibi akiwatazama kutoka kitandani na kutoa maoni ambayo hakuombwa.

Zamani walikuwa watatu, yeye, mkwewe, na mwanawe aliyekuwa mume wa Fundi. Mwanawe alifariki. Wakabaki hao wawili, mafiga mawili, na chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Lakini wao walikikalisha hivyo hivyo, mmoja akisukuma huku na mwingine kule. Kisha kiharusi kikampiga bibi upande wa kushoto. Mguu na mkono vikalala. Mkono wa kulia ukabaki na nguvu zote, kama gauni lile lilivyojionea.

Akapata kidonda cha kulalia, chini ya kiuno. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja akamwelekeza Fundi vizuri: amgeuze mara kwa mara, amwoshe kila siku, amkaushe, kidonda kisafishwe na kufungwa. Fundi alishika yote. Kula, bibi alikula mkononi mwake. Kusukwa nywele, alisukwa. Dawa alimeza huku akiitukana. Ila ikifika kuoshwa tu, nyumba inageuka uwanja wa vita. Kidonda kikachimba. Harufu ikaanza, kwanza karibu na kitanda, baadaye karibu na meza ya kukatia, na mwishowe wateja wakawa wanapendelea kupimwa barazani.

Majirani nao si watu wa kunyimwa habari. Walisema mkwe ni mkwe tu, angekuwa binti wa kumzaa asingemwacha mama aoze. Maneno hayo yalisafiri mpaka mji mwingine, kwa shemeji, mtoto wa kiume aliyebaki, muuza vipuri vya magari. Shemeji akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomtisha Fundi.

"Jumamosi nakuja na gari," alisema. "Nampeleka kwenye makao ya wazee wagonjwa. Wao wana wauguzi. Nimeshazungumza na ofisi ya ustawi wa jamii, wataleta mtu amwone kwanza, maana makao hayampokei mtu bila neno lao."

Makao hayo yalikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Fundi aliijua hali ya mama mkwe wake. Angeondoka hapo akiwa anatukana na huko angenyamaza, na siku atakayonyamaza ndiyo siku atakayokufa. Naye Fundi angebaki na cherehani na kitanda kitupu, na mtaa ungepata jibu lake.

*

Mtu wa ustawi alikuja asubuhi. Mama wa makamo, viatu vya kisigino kifupi vilivyokwisha upande mmoja, mkoba mkubwa wa ngozi begani. Fundi alikuwa amefagia mara mbili na kufukiza ubani, na bado harufu ilikuwapo. Sasa ikawa harufu yenye ubani.

Mgeni hakumsalimu Fundi kwanza, wala hakutazama huku na huku kama wakaguzi. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunipima urefu?"

"Hapana, fundi wa kupima yupo humu humu," alisema mgeni, akimwonyesha mkwe kwa kidevu. "Mimi nimekuja kukaa kidogo, ukiniruhusu."

Bibi alimwangalia. Ulikuwa umepita muda mrefu hajaombwa ruhusa ya kitu.

"Kaa, Mwenye Mkoba. Kiti hicho mguu mmoja mbovu, usije ukanifia hapa."

Jina likamganda. Mwenye Mkoba akakaa, akauweka ule mkoba chini bila kuufungua. Fundi alisubiri karatasi zitoke. Hazikutoka. Yule mama aliuliza bibi amelalaje, akaambiwa amelala kama gogo, yaani upande mmoja. Aliuliza kama anaweza kukiona kidonda, akaambiwa hawezi. Akasema sawa. Fundi alishangaa, muuguzi alikuwa akigomba, shemeji akibembeleza simuni, na huyu anasema sawa kama aliyeambiwa chumvi imekwisha.

Kisha akauliza jambo ambalo Fundi hakuwahi kulisikia likiulizwa na mtu wa ofisi.

"Bibi, mambo yakiwa mazito, unashikilia nini?"

"Nashikilia ukuta. Mkono mmoja ndio unaofanya kazi."

Mwenye Mkoba akacheka, lakini hakuendelea na swali lingine. Alingoja, mikono imetulia magotini. Fundi alitaka kuijaza ile nafasi kwa kusema lolote, hata habari za mvua, akajizuia. Mwishowe bibi akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kurushia mabeseni:

"Nasali. Sasa ndio wakati wangu. Na wewe nakuona ni wa dini ile nyingine."

"Ni kweli, Bibi. Nitoke nje usali?"

"Utoke uende wapi? Mungu si mlango mwembamba kwamba hatutapishana. Kaa."

Akakaa. Bibi akasali kwa midomo, mkono wa kulia umewekwa juu ya ule uliolala. Mwenye Mkoba aliteremsha macho akabaki hivyo, hatazami saa, hatazami dari, wala hakujitia kusali ya kwake. Bibi alipomaliza, Mwenye Mkoba alisema "Amina" pamoja naye, na Fundi, aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai kinachopoa, akahisi kwamba kuna kazi imefanyika mle chumbani, ingawa asingeweza kusema ni ipi.

Barazani, wakati wa kuagana, Fundi alijiandaa kusomewa mashtaka.

"Chakula anapokea kwako?" Mwenye Mkoba aliuliza.

"Anapokea."

"Nywele nani amemsuka?"

"Mimi."

"Basi si mkono wako anaoukataa."

Fundi aliegemea nguzo. Kwa muda wote ule aliamini kinyume chake. Mama mkwe hakumtaka alipoletwa nyumbani mara ya kwanza. Alisema mwanawe ameoa cherehani. Fundi alidhani ile chuki ya zamani imerudi na maradhi, kwamba mikono yake haifai kugusa mwili wa mama wa mume wake. Aliwahi hata kuisugua kwa ndimu.

"Kwa hiyo anakataa nini?" aliuliza.

"Sijui. Na nikisema najua nitakudanganya. Kesho nitakuja tena. Mwoshe kama siku zote, mimi nitatazama tu."

*

Kesho yake Fundi alifanya kila kitu kwa uangalifu wa siku ya mtihani. Alifunga mlango, akashusha pazia mpaka chumba kikawa na kiza cha heshima. Alitandaza shuka jeupe, lile zuri, alilolipiga pasi mwenyewe, akamfunika mama mkwe kuanzia shingoni hadi miguuni ili asimwache wazi. Maji aliyachanganya yakawa vuguvugu, hayana moto wala baridi. Kisha akageuza uso pembeni, kwa sababu mwili wa mama mkwe hautazamwi, akafunga mdomo, kwa sababu mtu hapigi soga mbele ya utupu wa mkubwa wake. Akaanza upande wa kulia, upande wa heri, kama alivyofundishwa na mama yake mzazi tangu akioga utotoni.

Kitambaa kilipogusa bega tu, bibi alimkamata kifundo cha mkono. Safari hii hakupiga kelele. Alikuwa anatetemeka.

"Fundi, tuache kwanza," alisema Mwenye Mkoba taratibu.

Akakaa chini sakafuni, karibu na kitanda, kichwa chake kikawa usawa wa kichwa cha bibi.

"Bibi, kabla ya kuugua ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Huyu naye. Mtaa mzima unajua."

"Mimi si wa mtaa huu."

"Nilikuwa naosha."

"Nguo?"

Bibi aligeuza kichwa akamwangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtoto aliyevaa viatu miguu kinyume.

"Nguo haziombewi, Mwenye Mkoba. Nilikuwa naosha wanawake wenzangu wakifariki. Akifa mama wa watu, wananiita mimi. Akina mama wa mtaa huu, na mitaa ya jirani, nimewaosha mpaka vidole vikakunjamana."

"Mlikuwa mnafanyaje?"

Swali hilo nalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu humwita mwosha, humshukuru, humpa chai, kisha hukaa mbali naye kidogo. Bibi akaanza polepole, halafu maneno yakamjia, na uso wake ukawa wa mtu mwenye kazi yake.

"Unafunga mlango. Unashusha pazia. Unamfunika shuka jeupe, na unaosha chini ya shuka, humwachi wazi hata kidogo. Maji yawe vuguvugu. Unaanza kulia. Unageuza macho, hutazami usichopaswa kutazama, na ukikiona hukisemi mpaka na wewe uingie kaburini. Huongei. Na humuulizi kitu, kwa sababu wa kumuuliza hayupo."

Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwa Fundi, kinadondosha maji kwenye sakafu. Aliangalia mlango alioufunga. Aliangalia pazia. Aliliangalia shuka lake zuri la kupigwa pasi, na mama mkwe wake amelala chini yake, kidevu kimechomoza.

"Mwosha huoshwa," bibi alisema. "Nalijua hilo, nimewaambia wengi. Lakini huoshwa akishakufa. Mimi kila asubuhi naletewa maziko yangu kwenye beseni."

"Mama," Fundi alisema. "Mimi nilinyamaza kwa heshima."

"Najua. Na mimi kila niliyemwosha nilimnyamazia kwa heshima."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kuna mambo ukiyaita jina yanaitika."

Mwenye Mkoba hakusema pole, wala hakusema utapona, Bibi, usiwaze kifo. Fundi baadaye, kila alipoisimulia siku ile kwa wateja wake, alirudi hapo hapo: kwamba yule mama alikuwa na shule yake na cheo chake, angeweza kuhutubia, na alichofanya ni kuuliza tena.

"Na aliye hai, Bibi, ungependa aoshwe vipi?"

Bibi alifikiri. Ilionekana hajawahi kulifikiria jambo hilo kwa upande huo.

"Pazia lipandishwe, kwanza. Nikalishwe, nisilazwe. Tuanzie miguuni, kama mtu aliyetoka shambani. Shuka hilo likatundikwe huko, nipeni khanga ile yenye korosho, imechakaa lakini ina rangi. Maji yawe moto, nihisi. Sabuni nishike mwenyewe. Na mtu aongee, jamani, mtu aseme neno."

Wakamkalisha, Mwenye Mkoba akimwegemeza kwa bega lake mwenyewe, blauzi yake ya ofisini ikilowa bila yeye kujali. Fundi akapiga magoti miguuni. Mwanga ulikuwa mwingi. Sasa ikabidi aongee, na maneno yote ya Kiswahili yakamkimbia.

"Mama, maji yakoje?"

"Ya kunyonyolea kuku. Ongeza ya baridi."

Akaongeza. "Na sasa?"

"Sasa ya binadamu. Haya, nisengenyee mtu."

"Nani?"

"Yeyote. Mwenye gauni nililolilowesha. Nasikia mchumba ni mfupi."

"Si mfupi, Mama. Ila amesema viatu vya bibi harusi visiwe na kisigino."

"Basi ni mfupi," bibi alisema, na tumbo lake likatikisika chini ya khanga, na Mwenye Mkoba naye akatikisika kwa kuwa alikuwa ameegemewa. Fundi aliosha miguu, akaosha magoti, na kabla ya kila mahali alisema anapokwenda. Alipofika nyuma alisimama.

"Naingia kwenye kidonda, Mama. Kitauma."

"Ingia."

Kiliuma. Bibi alimng'ang'ania Mwenye Mkoba shingoni na kutukana matusi ambayo mwosha maiti hatakiwi kuyajua. Lakini hakumsukuma mtu. Kidonda kilikuwa kibaya kuliko Fundi alivyodhani, kimechimbika, kingo zake nyeusi. Alikisafisha chote, akakifunga kama muuguzi alivyomwelekeza, na alipomaliza mgongo wake mwenyewe ulikuwa umelowa jasho.

Bibi alikaa na khanga yake, ngozi inang'aa mafuta. Akasema, bila kumwangalia yeyote:

"Na siku yangu yenyewe? Wenzangu niliokuwa nao wote nimewaosha. Hawa wa siku hizi wana haraka, wanamwagia mtu maji kama wanazima moto. Nani ataniosha mimi?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Hujui."

"Nifundishe."

Hapo Mwenye Mkoba aliufuata mkoba wake, akasema anakwenda kupunga upepo barazani, akatoka na kuurudisha mlango nyuma yake pole pole. Fundi alifundishwa. Alichofundishwa siku ile hakumwambia mtu, maana sehemu ya mafundisho ilikuwa hiyo.

*

Jumamosi gari la shemeji lilifika, godoro jipya nyuma limefungwa kamba. Shemeji alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mafuta ya gari kwenye mistari ya viganja ambayo sabuni imeshindwa kuyatoa. Mwenye Mkoba alikuwa barazani, na muuguzi alikuwa ametoka muda si mrefu.

"Karatasi iko tayari?" shemeji aliuliza.

"Nitaiandika ukishamuuliza mama."

"Kumuuliza nini? Mgonjwa huulizwa, dada yangu? Mgonjwa hutunzwa."

"Vyote viwili. Muulize anataka kukaa wapi, halafu nitaandika. Akisema twende, nitaandika twende."

Fundi aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Hakuwa ameahidiwa kitu. Mwenye Mkoba hakuwa upande wake, wala hakuwa upande wa shemeji, na hilo lilimuuma, na wakati huo huo likamfanya amwamini zaidi.

Shemeji aliingia. Bibi alikuwa ameegeshwa mito, amesukwa upya. Mwanawe alivuta hewa puani kabla hajajua anafanya hivyo, naye mama yake akaona.

"Vuta tu. Bado ipo kidogo."

"Nilisikia unanuka, Mama." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nikashindwa kula. Nilijiambia mama yangu ananuka na mimi nauza vipuri."

"Nilinuka kweli. Nilimkatalia mwenzio asinioshe, lawama ni yangu. Sasa ameniosha, na muuguzi amesema kidonda kimetulia, hakijapona. Huenda kikapona, huenda kisipone. Sikufichi."

Shemeji alitazama viganja vyake. Kisha akauliza, kwa shida, kama anayejaribu lugha ya wageni:

"Mama, unataka kukaa wapi?"

"Hapa. Huko watanitunza, sikatai. Lakini huyu ananijua nilivyo hai, na ameshajua la kufanya nikifa. Nikatafute nini kwingine?"

Shemeji alimwangalia Fundi, na Fundi akaangalia sakafu.

"Lipo jambo," alisema Mwenye Mkoba kutoka mlangoni. "Fundi hawezi kumgeuza peke yake kila mara, ataumia mgongo, na kidonda kitarudi. Bibi akibaki, ni lazima awepo mtu wa pili. Hilo nitaliandika pia, na nitakuja kuangalia."

Wateja wawili walikuwa wamefika barazani na vitambaa vyao, wakajifanya wanasoma bango la mitindo.

"Mke wangu atakuja wiki hii," shemeji alisema. "Halafu binti yangu mkubwa. Watapokezana. Na mimi nitakuja Jumamosi." Alisimama, akakuna shingo. "Godoro basi nilishushe. Limetengenezwa kwa wagonjwa, si zuri kulirudisha."

Akalishusha mwenyewe, akaliingiza kwa kulipindisha mlangoni, akaligonga kwenye meza ya kukatia, Fundi akaokoa mkasi. Ikabidi mama ainuliwe, akalishwe pembeni, godoro la zamani litolewe. Shemeji akaingiza mikono makwapani, Fundi akashika miguu, Mwenye Mkoba akashika kiuno kwa namna ya kutogusa kidonda.

"Tunainua sasa, Mama," Fundi alisema.

"Ngojeni. Nisali kwanza."

Wakangoja, wote watatu wameinama. Sala ilikuwa ndefu. Aliwataja marehemu wake, akaanza na mwanawe, akafuata na wanawake aliowaosha, mmoja mmoja, na shemeji alianza kutokwa jasho puani, lakini hakuna aliyemharakisha.